Tauni ya damu na ya mitoki ni ugonjwa mmoja

Ndugu uliyeuliza kama tauni ya damu ni ugonjwa tofauti na ile ya mitoki: hapana, bakteria ni yuleyule, Yersinia pestis. Kinachotofautiana ni pale alipojikita. Kiroboto akimuuma mtu, bakteria hukimbilia tezi za kinenani au kwapani, zinavimba na kuuma vibaya sana. Huo ndio mtoki. Akipenya hadi kwenye damu, vidonge vidogo vya damu iliyoganda huziba mishipa myembamba, na vidole au ncha ya pua hufa na kuwa vyeusi. Kuna wanaoingiwa kwenye damu moja kwa moja bila uvimbe wowote, na hao ndio wa kuhofia zaidi, maana mtu huweza kufa hata haijajulikana anaumwa nini.

Mwaka 1348 wasomi wa Paris walilaumu nyota na hewa chafu. (Tusiwacheke sana, hadubini haikuwepo.) Ni mwaka 1894 ndipo daktari Alexandre Yersin, akiwa Hong Kong, alipotoboa mitoki ya maiti na kumwona bakteria mwenyewe. Miaka minne baadaye, Karachi, daktari Paul-Louis Simond akaonyesha kuwa kiroboto ndiye anayemtoa bakteria huyo kwa panya, na wenzake wengi wakampuuza kwa miaka.

Dawa zipo, mfano streptomaisini, ila lazima uwahi. Penisilini haisaidii hapa.