Filamu Ikiisha, Andika Kwanza

Wiki tatu zilizopita rafiki yangu aliniuliza, "Ile filamu ya juzi ilikuwaje?" Nikamjibu, "Nzuri." Akanyamaza akisubiri niendelee, na mimi sikuwa na cha kuendelea nacho. Nilikaa mbele ya skrini karibu saa mbili, mahali fulani machozi yalinilengalenga, lakini siku mbili tu baadaye sikuweza kumwambia ni wapi wala kwa nini. Jambo lile liliniuma. Jioni nzima imeyeyuka, nimebaki na neno moja ambalo ningeweza kulisema hata kuhusu viatu.

Tangu siku hiyo naweka daftari dogo karibu na ninapotazamia. Filamu ikiisha, kabla sijashika simu, kabla sijasoma wengine wamesema nini, naandika mahali paliponigusa. Siandiki kama ni nzuri au mbaya, wala sitoi nyota. Naandika nilichokiona, na mwili wangu ulifanya nini nilipokiona. Mistari mitatu au minne inatosha. Asubuhi nasoma tena na kuongeza kama kuna kilichobaki. Nakushauri ujaribu, na nitakueleza kwa filamu chache nilizotazama tangu nianze. Nitagusa miisho ya baadhi yake, kwa hiyo kama hupendi kusimuliwa mwisho, zitazame kwanza kisha urudi.

Nilianza na Ladri di biciclette, yaani "Wezi wa Baiskeli", ya Vittorio De Sica, iliyotoka Italia mwaka 1948. Baba mmoja anayeitwa Antonio anapata kazi ya kubandika mabango mjini Roma baada ya vita, lakini kazi hiyo haipewi mtu asiye na baiskeli, na yake imewekwa rehani. Mkewe, Maria, anavua shuka za kitandani, anazifunga, wanazipeleka rehani ili waikomboe baiskeli. Wengi wakiisimulia filamu hii wanakimbilia mwisho wake, pale baba mwenyewe anapojaribu kuiba baiskeli ya mtu na kukamatwa mbele ya mwanawe, Bruno. Na kweli, mkono wa yule mtoto ukiingia kwenye mkono wa baba yake, hakuna moyo usiotikisika.

Lakini mimi usiku ule niliandika kitu kingine: "Mafurushi ya shuka mpaka juu." Pale kwenye rehani, mfanyakazi anachukua furushi la Maria na kuanza kupanda nalo kwenye rafu. Anapanda, anapanda, na kila anapopita kuna mafurushi mengine kama lile. Antonio anamtazama tu. Sekunde chache, hakuna anayesema neno. Nililala nikiwa sijui kwa nini picha ile imening'ang'ania. Asubuhi nikaelewa: kila furushi ni nyumba ambayo watu wanalalia godoro tupu. Filamu ilikuwa imenionyesha umaskini wa mji mzima kwa kumtazama mtu mmoja akipanda rafu. Kama ningeanza kwa kusoma maoni ya watu, ningebeba mkono wa Bruno kwa sababu ndio unaosifiwa, na mafurushi yangu yangepotea.

Baada ya kuandika ndipo nikasoma, na nikajua kwamba Lamberto Maggiorani aliyeigiza Antonio alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji. Habari hiyo ilinifanya niikumbuke tena namna anavyotembea, namna asivyojua mikono yake aiweke wapi. Kusoma ni kuzuri. Nasisitiza mpangilio tu: macho yako yatangulie, ya wengine yafuate.

Filamu iliyonifundisha zaidi ni 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957. Ina dakika 96, na karibu zote zinapita ndani ya chumba kimoja. Wanaume kumi na wawili wa jopo la mahakama wanaamua kama kijana wa miaka 18 amemuua baba yake. Wakikubaliana wote kwamba ana hatia, atauawa kwenye kiti cha umeme. Kura ya kwanza ni 11 kwa 1. Hakuna ngumi, hakuna kukimbizana, na sisi tuliozoea kuuliza "steringi ni nani?" tunapewa mtu aliyevaa suti nyeupe ambaye silaha yake ni kusema, "Sina hakika."

Lazima nikiri kwamba hii niliitazama mara ya pili. Mara ya kwanza, miaka kadhaa nyuma, niliitazama huku nachati. Karibu na mwisho mzee mmoja wa jopo anamwona mwenzake akijisugua pua, pale miwani inapokandamiza, na anakumbuka kwamba shahidi muhimu, mwanamke fulani, alikuwa na alama zile zile puani. Maana yake alivaa miwani, na usiku wa mauaji alikuwa kitandani; nani analala na miwani? Ushahidi wake unaporomoka. Mimi sikuona yule mtu akijisugua pua. Nilikuwa nimeinamia simu. Hoja ya mzee ikaniangukia kama imetoka hewani, na nikawaambia watu, kwa kujiamini kabisa, kwamba filamu hii inadanganya mwishoni. Niliwanyima watu kazi njema kwa sababu ya ujumbe ambao leo hata siukumbuki ulisema nini. Tangu hapo simu yangu inakaa chumba kingine. Siigeuzi kifudifudi mezani, naiondoa kabisa, kwa sababu ikiwa karibu sehemu ya akili yangu inaisikilizia.

Safari hii daftari likapata mstari huu: "Nimeishiwa pumzi. Chumba kimepungua?" Nilidhani ni uchovu. Kumbe Lumet alikipunguza kweli. Alieleza baadaye kwamba sehemu ya kwanza ya filamu aliipiga kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, sehemu ya pili ikiwa sawa na macho, na ya mwisho ikiwa chini, hadi dari likaanza kuonekana. Na kadiri muda ulivyokwenda alitumia lenzi zenye urefu zaidi, zile zinazovuta ukuta wa nyuma usogee karibu na watu. Picha ya mwisho kabisa, ya nje ya jengo la mahakama, akaipiga kwa lenzi pana ili tupumue. Nilipokuwa najishika shingo kwenye kiti, sikujua lolote la lenzi, lakini mwili ulishajua.

Ndiyo maana nasema usiyadharau unayoyahisi kwa kudhani wewe si mtaalamu. "Nilikosa pumzi", "nilitazama pembeni", "nilitabasamu bila kujua": andika hivyo hivyo. Ni ushahidi, na mara nyingi kuna mtu aliyekesha kwa ajili ya kukufanya uhisi hivyo. (Irudie filamu hii uifuatilie feni ya ukutani. Mwanzoni wanaijaribu, haizunguki, wanalowa jasho. Inaanza kuzunguka baadaye kabisa, taa zinapowashwa, kwa kuwa zinatumia swichi moja. Nilirudisha nyuma mara mbili kuitazama.)

Jaws ya Steven Spielberg, 1975, ile ya papa anayeshambulia watu baharini, nitaipitia haraka kwa kuwa inajulikana. Niliandika: "Naogopa maji yakiwa matulivu." Papa wa bandia waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kwenye maji ya chumvi, na Spielberg akalazimika kumficha kwa sehemu kubwa ya filamu. Tukabaki na uso wa bahari, mapipa ya njano aliyofungwa huyo papa, na muziki wa John Williams wa noti mbili zinazorudiwa. Filamu ikikutisha, jiulize umeona nini hasa. Mimi nilipojiuliza nikakuta kwa muda mrefu nilikuwa sijaona kitu.

Sasa nije kwenye lile linalowasumbua wengi: filamu inayosifiwa na dunia nzima halafu wewe haikuingii. Kwangu ni 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968. Neno la kwanza la mhusika linasikika baada ya dakika kama 25. Mara ya kwanza niliitazama kwenye simu, kitandani, usiku wa manane, nikaiacha kabla ya nusu. Kisha kwa miaka nikawa naitikia tu watu wanapoisifu, nikiogopa kuonekana sijui. Ule haukuwa uungwana. Ulikuwa uongo, na ulininyima nafasi ya kujua ninachokipenda.

Mwezi huu niliirudia kwenye skrini kubwa, sauti imefunguliwa vizuri, nikiwa nimelala vya kutosha. Niliandika ukweli: "Mwisho bado sijauelewa, na safari ya rangi imenichosha. Lakini HAL!" Safari ya rangi ni ile mianga inayopita kwa muda mrefu karibu na mwisho, na HAL 9000 ni kompyuta inayoendesha chombo cha anga na iliyowaua wanaanga. Mmoja aliyebaki anaingia kwenye kumbukumbu zake na kuzichomoa moja baada ya nyingine. Kompyuta inamsihi aache, inasema inaogopa, inaanza kuimba, na sauti inazidi kuwa nzito na ya polepole hadi inakatika. Nilimhurumia muuaji asiye na uso, mwenye jicho jekundu tu. Sikutegemea.

Kwa hiyo andika na hali uliyokuwa nayo: ulikuwa umechoka? Ulitazama kwenye kioo kidogo? Ulikatizwa mara ngapi? Filamu ikikushinda katika hali nzuri, sema imekushinda, bila aibu na bila kuwatukana walioipenda. Ikikushinda ukiwa unasinzia, hukumu hiyo isubiri.

Jambo la mwisho ni kutazama na mwenzako. Juma lililopita mimi na mdogo wangu tuliitazama Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2014, inayohusu mji wa Mali ulioshikwa na watu wenye silaha wanaopiga marufuku muziki na mpira. Nilimpa karatasi na kumwomba tuandike kwanza ndipo tuzungumze. Alisita, akasema ni kama mtihani, kisha akaandika muda mrefu kuliko mimi.

Wote tulichagua tukio lile lile. Vijana wako uwanjani na jezi zao, wanacheza mpira bila mpira. Wanakimbia, wanapasiana, wanafunga, wanashangilia, na hakuna kitu chini ya miguu yao. Pikipiki ya wenye silaha inapokaribia, mchezo unageuka papo hapo kuwa mazoezi ya viungo. Ikishapita, wanaendelea walipoishia. Mimi niliandika kuhusu macho yao, jinsi wote wanavyoufuata mpira usiokuwepo kwa wakati mmoja. Mdogo wangu aliandika kuhusu punda. Katikati ya mechi punda anakatiza uwanja, taratibu, kama anayejua kwamba hapo hakuna mpira wa kumpiga. Mimi nilikuwa nimemwona yule punda na kumsahau hapo hapo.

Tulibadilishana karatasi, tukarudisha tukio lile mwanzo, yeye akafuata macho ya wachezaji, mimi nikamfuata punda.