Kibao cha Rehoboth nilikiona, nikanyamaza

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tuna miaka sita ya ndoa. Agosti tulikodi gari Windhoek, tuizunguke Namibia siku tisa. Kwenye mkataba dereva aliandikwa yeye peke yake, maana kuongeza wa pili kulikuwa na malipo ya ziada, na akasema anatosha. Leseni ninayo. Mimi nikapewa ramani. Siku ya kwanza tu, kila nikifungua mdomo ananijibu "najua". Tulipofika Rehoboth ilibidi tuiache barabara ya B1 tushike ya C24 kuelekea Sesriem, kwenye geti la hifadhi ya jangwa la Namib. Kibao nilikiona, nikanyamaza. Alikuja kushtuka tuko Kalkrand, tukageuza. Ili tuwahi geti la Sesriem kabla halijafungwa, akakimbiza gari kwenye changarawe hadi 110. Tairi la nyuma likapasuka, gari likayumba, ubavu mzima ukakwaruzwa na mawe. Tumepona. Kampuni imekata amana yote na mume wangu anataka nilipe nusu, eti mwenye ramani ni mimi. Tangu turudi nyumbani tunaongea habari za bili tu. Na bado anataka twende tena mwakani. Nilipe? Niende?*

*Abiria wa Kiti cha Kushoto*

Marahaba, mwanangu. Mmeshuka wazima kwenye gari lililoyumba kwa mwendo ule, kwa hiyo mengine yote yanazungumzika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale: "nikanyamaza". Neno moja, umelipitisha mbio mbio kama mtu anayekatiza sebuleni na taulo huku kuna wageni. Ngoja nikurudishe. Toka Rehoboth hadi Kalkrand ni kama kilomita 100. Hiyo ni saa nzima, ramani iko magotini, unaona vibao vya Mariental vinapita, na unangoja aaibike. Mtu aliyepitiwa hakai saa nzima. Ulikuwa unamkomoa.

Simaanishi ulianza wewe. "Najua" ya kwanza mtu anaimeza. Ya tano inakaa kooni. Na mtu mwenye leseni yake mfukoni, aliyewekwa kiti cha abiria siku tisa ili kuokoa ada, tena bila kuulizwa, lazima atatafuta pa kushika usukani. Wewe uliushika kwa kufunga mdomo. Naijua mbinu hiyo. Nimeitumia zaidi ya mara moja, na sijawahi kufika mahali pazuri.

Lakini tairi si lako. Hapo mumeo asikuzungushe. Barabara ya changarawe ikishapitwa na magari mengi huota mawimbi madogo kama bati la paa. Ukienda kasi, tairi linaruka kutoka mgongo hadi mgongo bila kukanyaga chini sawasawa. Breki hazishiki, usukani unakuwa mwepesi mkononi, na dereva anadhani gari limetulia kwa sababu mtikisiko umepungua. Ndiyo maana kampuni nyingi za kukodisha kule huandika 80 kuwa mwisho kwenye changarawe, na baadhi ya magari yana kifaa kinachorekodi mwendo. Ukizidisha, bima uliyoilipia inageuka karatasi tu. Hayo yote huwa kwenye mkataba, na aliyeusaini kama dereva ni yeye.

Halafu hili la kuwahi geti. Ni kweli hufungwa jua likizama, na ni kweli mikataba mingi inakataza kuendesha usiku nje ya mji, maana kudu, yaani tandala, hukatiza barabara gizani na ni mnyama mkubwa. Kwa hiyo muda ulikuwa umeisha. Mtu akiishiwa muda analala njiani, anafika kesho. Uamuzi wa kukimbia ulikuwa wake peke yake, kama ulivyokuwa wa jina moja kwenye mkataba.

Kwa hiyo malipo nayagawa hivi: petroli ya kwenda Kalkrand na kurudi ni yako, yote. Amana ni yake. Najua pengine fedha zenu zinatoka mfuko mmoja na mwisho wa mwezi haitaonekana nani kalipa nini. Bado nataka isemwe kwa mdomo, kila mmoja abebe la kwake.

Ila anza wewe. Yeye mpaka leo anaamini ulikosea ramani. Anakudai kwa kosa ambalo hukulifanya, na lile ulilolifanya halijui. Subiri jioni ambayo hakuna bili mezani, umwambie: "Kibao cha Rehoboth nilikiona. Nilinyamaza makusudi, kwa sababu kila nikisema unanijibu najua." Ukimaliza, ishia hapo. Usiongeze "lakini". Akikasirika mwache akasirike, ana haki nayo. Ukimuona ananyamaza muda mrefu usiharakishe kujaza kimya. Safari hii ni zamu yake kukaa nacho.

Kwenda, nenda. Sharti langu ni majina mawili kwenye mkataba, hata ada ikiuma. Usije ukashika usukani bila kuandikwa, maana likitokea la kutokea hamna bima hata kidogo. Badilishaneni viti kila mnapojaza mafuta, na jazeni kila mnapoyaona: kati ya Solitaire na mji wa Walvis Bay hakuna kituo cha mafuta, na njia ni zaidi ya kilomita 200. Abiria akisema "punguza", dereva apunguze kwanza, ubishi ufuate baadaye. Na kabla hamjatoka uwanjani kwa kampuni, toeni tairi la akiba, jeki na spana, mlifungue tairi moja na kulifunga tena, wote wawili. Wafanyakazi watawacheka. Wacheke.

Jambo moja dogo. Kutoka geti la Sesriem kuna lami kilomita 60, kisha kilomita kama 5 za mwisho kufika Sossusvlei, kwenye yale matuta makubwa ya mchanga, ni mchanga mtupu, wa magari ya magurudumu manne tu. Atataka kujaribu, namjua bila kumwona. Pana magari ya kubeba wageni kipande hicho. Pandeni hayo, mkae nyuma wote.

Na mkikaribia Rehoboth, hata kama zamu ya usukani ni yake na uso kaukunja, mtajie kona ya C24 kabla hamjaifikia. Akijibu "najua", mtajie tena.