Arudi na kesho: kwa wanasihi wapya wa kliniki ya methadoni

Ukianza kazi kliniki ya methadoni utakabidhiwa majalada, ratiba ya vikao na fomu ndefu ya tathmini, na utadhani umeajiriwa kumwachisha mtu heroini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo itafanywa na dawa yenyewe, methadoni, ambayo mgonjwa huinywa kila siku badala ya heroini. Yako wewe ni kuhakikisha mgonjwa anarudi dirishani kesho kunywa dozi yake, na keshokutwa, na mwezi ujao. Kazi, ndoa, watoto, afya ya akili, yote hayo yanasubiri hapo. Aliyeacha kuja huwezi kumsaidia kwa lolote.

Nalisisitiza hili kwa sababu anayepotea anaweza kufa. Uchambuzi uliochapishwa 2017, uliounganisha tafiti za nchi mbalimbali, ulikuta vifo takribani 11 kwa mwaka katika kila watu 1,000 wakiwa kwenye methadoni, na takribani 36 wakiwa wameiacha. Wiki 4 za mwanzo baada ya kuacha ndizo za kuogopa zaidi: mwili umeshapoteza uzoefu wa dawa, naye anarudi kwenye kipimo chake cha zamani kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kabla hujaandika kwenye jalada kwamba mgonjwa fulani "hana nia", uliza habari ya dozi. Matibabu huanza na kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 20 hadi 30 siku ya kwanza, kwa kuwa methadoni hujilimbikiza mwilini siku hadi siku na kuiongeza kwa pupa kunaweza kuua. Wengi hutulia wakifika kati ya miligramu 60 na 120. Hapo katikati kuna siku, pengine wiki kadhaa, ambazo mtu anakunywa dawa yake vizuri na bado alfajiri arosto, yaani mateso ya mwili kukosa heroini, inamwamsha. Mtazame akiwa kwenye foleni: anapiga miayo, macho yanalengalenga machozi, kamasi zinatiririka, vinyweleo vimesimama, miguu haitulii. Mtu wa namna hiyo ukimketisha saa nzima kuzungumzia malengo ya maisha unamwongezea mateso. Mpeleke kwa daktari, mweleze ulichokiona, kikao kitafuata.

Hali hiyo hiyo huweza kumkuta mgonjwa wa zamani aliyekwisha kutulia. Ukiona mtu aliyehudhuria miezi bila kukosa ameanza kuyumba, kakasirika, anakosa siku, muulize kama ameanzishwa dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi na nevirapini za VVU, fenitoini na karbamazepini za kifafa, zote huharakisha mwili kuivunja methadoni, na dozi iliyokuwa inamtosha saa 24 inaisha njiani. Yeye hajui. Anachojua ni kwamba dawa "imeacha kufanya kazi". Muulize pia kuhusu pombe na vidonge vya usingizi, maana vikikutana na methadoni vinaweza kumzimia pumzi, na daktari anapaswa kulijua hilo kabla hajapandisha dozi. Wewe huandiki dozi, lakini wewe ndiye mwenye dakika za kumsikiliza.

Wiki 2 za mwanzo usisubiri kikao cha wiki. Mwone kila siku kidogo, hata dakika tatu pembeni ya dirisha. Muulize maswali yanayoshikika: kesho utafikaje hapa? Nani atabaki na mtoto? Kazini wanakutaka saa ngapi? Mtu mwenye majibu ya maswali hayo matatu ana nafasi kubwa ya kurudi kuliko aliyekuahidi kwa machozi kwamba safari hii amebadilika. Na siku hiyo hiyo ya kwanza mweleze kanuni ya kukosa: akikosa siku 3 mfululizo au zaidi, huenda asipewe dozi ile ile mpaka daktari amtazame upya, kwa sababu kiasi alichokizoea kinaweza kumzidi. Asiyeelezwa mapema, akirudi siku ya nne akapewa pungufu, ataona ameadhibiwa, na wengi wa namna hiyo hugeuza wakaondoka.

Sasa mazungumzo yenyewe. Mwaka 1983 mwanasaikolojia William Miller alianza kueleza kwa maandishi namna ya kuzungumza na watu wenye uraibu ambayo baadaye aliiendeleza pamoja na Stephen Rollnick, na leo inafundishwa duniani kote kwa jina la usaili wa kuhamasisha. Kiini chake ni kwamba mtu huvutwa na sababu anazozisema mwenyewe kuliko anazoambiwa. Ukizisema wewe, yeye anabaki na kazi ya kuzipinga. Sikiliza mfano huu.

"Hii dawa imenifunga. Kila siku mimi na dirisha, mimi na dirisha. Naona niache tu."

Mnasihi mgeni hapo hukimbilia kusema, "Ukiacha utarudi kwenye unga." Mgonjwa atamtajia watu walioacha na hawajarudi, na mazungumzo yatakuwa mabishano. Mwenzake mzoefu anasema hivi:

"Umechoka kuja kila siku."

"Nimechoka, dada. Halafu mke wangu ananiambia nimebadilisha ulevi mmoja kwa mwingine."

"Neno hilo limekuuma."

"Limeniuma kwa sababu yeye ndiye anajua nilikuwaje. Leo kodi ya nyumba imelipwa. Sijamwibia mtu."

"Kodi imelipwa."

"Imelipwa. Tatizo ni hizi asubuhi. Kazini nachelewa, bosi ananitazama vibaya."

Ona pale alipofika bila kusukumwa. Alianza na kuacha dawa, amemalizia na saa za kazi, na saa za kazi zina ufumbuzi: apangiwe zamu ya mapema dirishani, au kama kliniki inaruhusu na ametimiza masharti, apewe dozi za kwenda nazo nyumbani. Mke naye ana neno lake la kusikilizwa. Mgonjwa akiridhia, mwalikeni. Aelezwe kwamba aliyefikia dozi yake halewi wala hapati arosto, na kwamba mwaka mmoja au zaidi kwenye dawa ni jambo la kawaida kabisa. Nimeona familia zikimshinikiza mtu aache mapema kwa nia njema, zikidhani zinamwokoa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mgeni alishike kabla ya mbinu yoyote: unasihi usiwe sharti la kupewa dozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009 unasema msaada wa kisaikolojia na kijamii utolewe kwa wote, ila asiyeutaka asinyimwe dawa. Huko Baltimore, Marekani, watu waliokuwa wakisubiri nafasi walipewa methadoni pamoja na huduma ya dharura tu, bila unasihi wa kawaida. Matokeo yaliyotolewa 2006 yalionyesha kwamba ndani ya miezi 4 karibu asilimia 76 yao waliingia kwenye matibabu kamili, dhidi ya asilimia 21 ya walioachwa kwenye orodha bila dawa.

Je, basi sisi tuna kazi gani? Tunayo, na kubwa. Mwaka 1993 Thomas McLellan na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume 92 waliokuwa askari wa Marekani, wote wakiwa kwenye methadoni. Waliopewa dawa karibu bila huduma nyingine, asilimia 69 ilibidi waondolewe kwenye utafiti na kupelekwa kwenye huduma bora, kwa kuwa waliendelea kutumia dawa za kulevya bila kusita au walipatwa na dharura za kiafya. Waliopata unasihi wa kawaida walikuwa asilimia 41, na walioongezewa daktari, msaada wa ajira na tiba ya familia asilimia 19. Kwa upande mwingine, mapitio ya 2011 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yenye tafiti 35, hayakukuta kwamba kuongeza tiba maalumu ya kisaikolojia kunawabakiza watu zaidi kuliko huduma ya kawaida, ambayo mara nyingi tayari ilikuwa na unasihi ndani yake. Mimi nayasoma matokeo haya pamoja hivi: mnasihi anayepatikana, anayemjua mgonjwa kwa jina na kumtatulia yanayomzuia, ana faida kubwa. Jina la tiba aliyosomea lina uzito mdogo kuliko anavyodhani.

Mbinu yenye ushahidi mzuri zaidi katika kupunguza matumizi ya dawa za kulevya wakati wa matibabu ni kutuza tabia. Mtafiti Maxine Stitzer wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alionyesha kwamba dozi za nyumbani zenyewe ni tuzo yenye nguvu, wala hazihitaji bajeti. Mwanasaikolojia Nancy Petry alitumia bakuli la karatasi: aliyefikia lengo anachovya mkono, karibu nusu ya karatasi zina pongezi tu na nyingine zina zawadi, nyingi ndogo, chache kubwa. Kliniki zikishindwa hapa ni kwa sababu hutuza mambo matano kwa pamoja, au hutuza mwisho wa mwezi. Chagua tabia moja inayoonekana. Kama ni mahudhurio, tuza mahudhurio, hata kama kipimo cha mkojo kimeonyesha heroini. Toa siku hiyo hiyo, usikose hata mara moja, ongeza kadiri siku zinavyofuatana, na akikosa aanzie chini tena bila maneno makali. Usiione kama hongo. Heroini ilimlipa mtu huyu papo hapo kwa miaka, nasi tunamwomba angoje faida za mbali.

Kuhusu mkojo, kuwa mwangalifu. Usikubali dozi ipunguzwe kama adhabu ya kipimo chanya: unamnyima dawa mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba inayompata haimtoshi. Kaa naye umuulize ilikuwa siku gani, alikuwa na nani, nini kilitangulia. Sema "kipimo kimeonyesha heroini", usiseme "mkojo mchafu". Neno teja lisisikike kliniki, hata utani, hata mlinzi getini. Anayedhalilishwa getini hafiki dirishani, na hutajua kwa nini, maana hatakwambia. Vurugu na vitisho ni jambo jingine, yana taratibu zake za usalama, lakini hata hapo tafuteni njia ya kumpa dozi kwa saa tofauti kabla ya kumfukuza.

Jioni, kabla ya kufunga, pitia orodha ya waliokosa siku hiyo. Piga simu siku ya kwanza, usingoje ya tatu. Mkubaliane naye mapema utajitambulishaje akipokea mtu mwingine, kliniki usiitaje. Akipatikana, sema, "Leo hatujakuona, dirisha litakuwa wazi kesho." Asipopatikana, uliza kwa mwelimishaji rika, ambaye kwa kuwa amepita njia hiyo anajua vijiwe na ataaminiwa pale wewe utakapoogopwa. Wengine mtawakuta mahabusu au wamelazwa hospitali wakiwa na arosto kali, na hakuna aliyewasemea. Simu yako kwa daktari wa huko inaweza kuokoa matibabu yote. Akirudi baada ya kupotea, neno la kwanza liwe "Afadhali umekuja", maswali yaje baada ya daktari kumpangia dozi.

Wapo pia watakaotaka kumaliza kabisa, na ni haki yao. Mweleze ukweli kwamba wengi wanaoacha hurudia kutumia, kisha kama bado anataka, mpangeni pamoja na daktari: dozi ishushwe kidogo kidogo kwa miezi mingi, isimame arosto ikianza, ipande tena bila aibu ikibidi. Ndugu zake wafundishwe dalili za kuzidiwa na wawe na naloksoni, dawa ya dharura ya kumrudishia pumzi aliyezidiwa na heroini, nyumbani. Baada ya dozi ya mwisho endelea kumwona kila wiki, na jalada lake lisipelekwe stoo, ili akihitaji kuanza tena asirudishwe mwisho wa foleni ya wapya.