Kwa nini namba ya deraya ilishuka zamani, sasa inapanda

Ndugu, umeuliza kwa nini kwenye kitabu cha zamani cha mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons deraya nzuri (kinga ya mhusika dhidi ya mapigo) ina namba ndogo, na kwenye kipya ina kubwa. Vitabu vyote viwili viko sahihi, ila ni vya matoleo tofauti.

Toleo la pili la mchezo huu, lililoitwa Advanced, la mwaka 1989, lilitumia THAC0, yaani namba unayohitaji kwenye dadu ya pande 20 ili umpige adui mwenye deraya 0. Unatoa deraya ya adui kutoka kwenye THAC0 yako. Ukiwa na 17 naye ana 4, lazima upate 13 au zaidi. Deraya bora kabisa ilishuka chini ya sifuri, na hapo kutoa kunageuka kujumlisha. Wageni wengi walikwama papo hapo.

Toleo la tatu, mwaka 2000, liligeuza hesabu: rusha dadu, ongeza nyongeza yako (namba ya ustadi wa mhusika wako), ukifikia deraya ya adui umempiga. Mfano wetu unakuwa nyongeza 3 dhidi ya deraya 16, na bado unahitaji 13. Uwezekano haukubadilika hata kidogo! Kwangu hayo ndiyo mageuzi bora ya mchezo huu.

Toleo la tano, 2014, lilipunguza nyongeza ndogondogo: badala yake, ukiwa na nafasi nzuri unarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Kama kundi lenu ni jipya, anzeni na hilo.