Usimtoroke mtoto

Likizo yangu ya kumpokea mtoto niliyemuasili ilipokwisha, mama jirani ndiye aliyekubali kukaa na kijana wangu mchana. Ni mtu mzima, amelea wanawe sita na wajukuu ambao sijawahi kuwamaliza kuwahesabu. Asubuhi ya kwanza ya kurudi kazini alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Mwanangu, mtoto mdogo haagwi. Mwache acheze na vifuniko vya sufuria, wewe shika njia." Nilimsikiliza. Mimi mwenyewe nilitorokwa hivyo hivyo nikiwa mdogo, na sidhani kama kuna mtoto aliyekulia Mombasa ambaye hajawahi kutorokwa. Nikabeba viatu mkononi, nikapita mlango wa nyuma, nikavivalia uani.

Jioni niliambiwa ametulia kutwa nzima, hakulia hata mara moja. Uji wake ulikuwa bado umo kikombeni. Alikuwa ameketi palepale kwenye vifuniko, na nilipomwita hakugeuka.

Siku tisa zilizofuata hakuniachia nafasi ya kupumua. Nikienda msalani anashika suruali. Usiku anaamka kila baada ya muda kidogo kupapasa kama nipo. Kilichoniuma zaidi ni hiki: nikivua fulana, ile sekunde moja ambayo uso wangu unafunikwa na kitambaa, alikuwa anapiga mayowe kama mtu aliyeungua.

Alikuja kwangu akiwa na mwaka mmoja na miezi saba, na mikono yangu ilikuwa ya nne kumbeba. Mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba akitorokwa hulia, kisha husahau, kwa sababu amekwisha kuona mama na baba wakiondoka na kurudi mara mia. Wangu alikuwa amejifunza jambo jingine. Kila aliyemtoroka kabla yangu hakurudi.

Kwa hiyo, baba mwenzangu unayelea peke yako mtoto uliyemuasili, au unayejiandaa kumchukua: muage. Muage hata kama atalia, na atalia kweli. Mimi huketi kwenye kizingiti ili macho yetu yalingane, nikamwambia maneno yaleyale kila siku bila kubadilisha hata moja: "Baba anaenda kazini. Utakula, utalala, utaamka, baba atarudi." Kisha nampa ufunguo wa kufuli la zamani ambalo lilishaharibika, ashike mpaka jioni. Nikirudi naomba ufunguo wangu, ananipa, naupachika mlangoni, tunaingia. Wiki ya kwanza alilia mpaka nikasikia sauti yake nikiwa barabarani nasubiri matatu. Wiki ya tatu alilia kidogo tu. Mama jirani ndiye aliyeniambia kwamba sasa anakula. Siku hizi yeye mwenyewe humfundisha bintiye kuwaaga wanawe.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mwezi wa kwanza ndio uliotusaidia, na wengi hawajui kwamba wana haki nao. Sheria ya Ajira ya Kenya, kwa marekebisho ya 2021, inampa mwajiriwa anayeasili mtoto likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili, kuanzia siku anapokabidhiwa mtoto. Haibagui baba na mama. Unatakiwa kumwarifu mwajiri kwa maandishi siku 14 kabla, pamoja na makaratasi ya shirika la kuasili. Mimi nilipopeleka barua, ofisini walidhani naomba likizo ya wiki mbili ya wanaume ambao wake zao wamejifungua. Ikabidi nirudi na nakala ya kifungu chenyewe. Usione haya kufanya hivyo.

Mwezi huo utumie vizuri. Ndugu watajaa nyumbani, kila mmoja anataka kumbeba, na nia yao ni njema kabisa. Wapokee, wapikie chai, lakini chakula, kuoga na kulala vitoke mkononi mwako peke yako. Dada yangu alinuna niliposema hivyo. Alikuwa amesafiri kutoka Voi na zawadi, na mimi nikamnyima kumlisha mtoto. Ilinibidi nimkalishe nimweleze: huyu mtoto amelishwa na watu wengi mno, bado hajui yupi ni wake.

Kabla hujamchukua, kaa na walezi wa kule anakotoka na uwaulize mambo madogo. Anaitwaje wakati wa kubembelezwa? Maji anayaitaje? Analalia upande gani? Mimi niliuliza kuhusu chanjo na uzito, nikaona nimemaliza. Tayari nilikuwa nimefika getini, ndipo mlezi mmoja aliponikimbilia akaniambia: "Usiku akisumbuka, mpe sikio lako alishike." Usiku wa pili, saa nane, nilikuwa nimembembeleza kwa kila njia niliyoijua. Nikakumbuka, nikainamisha kichwa. Akalishika sikio kwa vidole viwili, akalisugua polepole, akalala. Yule mlezi simjui jina, na sitamsahau.

Kuhusu chakula, jiandae kuona vitu vitakavyokusikitisha. Wiki ya pili nilifuata mstari wa sisimizi chumbani, nikakuta nusu ya hamri chini ya godoro na kipande cha kiazi kitamu kimekaushwa na joto. Alikuwa anaweka akiba. Mezani alikuwa anajaza mashavu mpaka anashindwa kutafuna. Nilitamani kumkataza, nikajizuia. Badala yake nilitafuta bakuli la plastiki la kijani, nikaliweka juu ya kigoda anachokifikia, na ndani yake kila wakati kuna ndizi au kiazi. Hakuna anayemuuliza akichukua. Mwanzoni lilikuwa linaisha mara nne kwa siku. Ilichukua kama miezi miwili, kisha siku moja ndizi ikaiva ikaanza madoadoa bila kuguswa. Niliitazama ile ndizi kwa muda mrefu.

Na usidanganywe na utulivu. Wageni wangu wote walimsifu: mtoto mpole, halii, anakaa popote unapomweka. Hata mimi nilijivunia. Kumbe mtoto wa umri huo anayeanguka, akajiumiza goti, akanyanyuka kimya bila kumtafuta mtu yeyote kwa macho, ni mtoto ambaye amekata tamaa ya kuitikiwa. Akianguka, mwendee hata kama hajakuita. Mpake mafuta, mpulizie, mpe pole, hata kama kidonda hukioni. Mwezi wa tatu alijibana kidole kwenye droo, akageuka kunitafuta, akafungua mdomo akalia kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Nilimbeba nikamtuliza huku moyo wangu ukishukuru.

Kliniki ni somo la peke yake. Benchi zima la akina mama, wewe mwanamume peke yako na kijitabu chako, mnasubiri chanjo ya surua, matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Muuguzi anaita, "Mama wa huyu yuko wapi?" Swali hilo utalisikia kwenye matatu, kanisani, dukani, na watu wengi wanauliza kwa wema tu. Jibu langu ni moja: "Mimi ndiye mzazi wake." Ninalisema kwa upole, kisha ninanyamaza. Mwanzoni nilikuwa naeleza historia nzima, huku kijana yuko begani mwangu ananisikiliza. Usifanye hivyo. Mtoto wa miaka miwili anaelewa mengi kuliko anavyoweza kusema, na habari za mama aliyemzaa na sababu za kuachwa kwake ni mali yake. Akikua ataamua nani aambiwe. Mtaa mzima ukishajua, hatakuwa na cha kuamua.

Daktari ni tofauti. Akiuliza magonjwa ya familia, mwambie wazi kwamba mtoto ameasiliwa na hujui, ili asidhani umejibu hapana. Na ukisafiri naye, beba nakala ya makaratasi. Mwanamume na mtoto mdogo asiyefanana naye, tena anayelia, wataulizwa. Mimi huona ni vizuri watu waulize. Ndivyo watoto wanavyolindwa.

Kuna neno moja nimelifukuza nyumbani kwangu, nalo ni kuokota. Mjomba wangu aliniambia kwenye simu, "Damu ni nzito kuliko maji, na wewe umeokota." Nilimjibu kwa heshima kwamba kinachookotwa ni kitu kilichodondoka njiani, na mwanangu ana jina, ana faili, na jaji wa Mahakama Kuu alituita wote wawili mbele yake. Sheria inataka muombaji awe na miaka 25 au zaidi, amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, na aishi naye miezi mitatu mfululizo kabla hata ya kuwasilisha ombi. Mwanamume asiye na mke akiomba mtoto wa kike, mahakama itataka sababu maalumu. Mimi nilipewa wa kiume. Miezi yote hiyo maafisa walikuja nyumbani wakaangalia anapolala, wakanihoji, wakawahoji na majirani. Nilichoka, sitaficha, lakini hakuna siku nilipoona wanakosea. Mjomba alikaa kimya, kisha akauliza kijana anavaa viatu namba ngapi.

Mtoto mwenyewe nimeshaanza kumweleza. Wakati wa kuoga jioni, amekaa kwenye beseni, namwambia: ulizaliwa na mama ambaye hakuweza kukulea, ukakaa kwenye nyumba yenye watoto wengi, baba akaja akakuona, tukapanda gari tukaja nyumbani. Sehemu ya gari ndiyo anayoipenda. Anasema "tena." Ananisahihisha nikisahau rangi ya gari. Watu wanasema ni mdogo mno. Nimeshamtoroka mara moja na nikaona matokeo yake. Sitaki afike darasa la nne asikie habari zake kwa mtoto mwenzake uwanjani, na mimi nisiwepo.

Uchovu upo, na ukiwa peke yako hakuna wa kumkabidhi zamu. Kuna jioni moja nilimkemea kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha, kwa sababu ya kikombe cha uji kilichomwagika. Nikamwona anarudi nyuma hatua moja moja mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha kwa maneno kamili, kama ningemwomba mtu mzima. Tangu siku hiyo nina makubaliano na mama jirani na rafiki yangu mmoja wa kazini: nikituma ujumbe wenye neno "chai" tu, mmoja wao anakuja, haulizi kitu, anakaa na kijana nusu saa nami nazunguka mtaa. Tafuta watu wawili wa namna hiyo kabla hujawahitaji.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nafua uani. Kijana alitoka ndani amevaa kandambili zangu, akaja mpaka nilipo, akachuchumaa ili macho yetu yalingane. Alikuwa anakwenda kwa mama jirani kuona vifaranga, hatua ishirini hivi. Akasema, "Baba. Naenda. Utakula, utalala, utaamka, narudi." Kisha akaniwekea ule ufunguo kwenye kiganja chenye povu, akanikunja vidole kimoja kimoja, akaondoka.