Matundu Yamegoma Kukutana: Maswali ya Wanaojijengea Ndege

Barua za safari hii zinalia kilio kimoja: bati la aluminiamu limetobolewa kiwandani kwa mashine, lakini likifika kwenye meza ya gereji matundu hayaonani. Wengi wenu mnajenga RV, ndege ndogo za kujiunganishia za Van's Aircraft, zile zinazotoka Oregon kule Marekani, kwa hiyo mifano yangu ni ya hizo.

Shikamoo fundi. Nafunga bati la mkia juu ya mbavu. Matundu matano yameingia vizuri, la sita limechepuka, la nane nusu yake haionekani. Nipitishe keekee tu?

Marahaba. Weka keekee chini kwanza. Tundu la nane halina kosa, mkosa ni ubavu. Ukingo wake unapokunjwa kwa mashine kufuata umbo la mviringo, bati hujikusanya na ubavu wote hujipinda kama ndizi. Utoe, ulaze kwenye meza iliyonyooka, uutazame kwa jicho moja. Kisha ufinye ukingo kidogo kwa koleo la kutia mikunjo, baina ya tundu na tundu, kamwe si juu ya tundu lenyewe, mpaka mstari wa matundu unyooke. Ubavu wangu wa kwanza ulinila jioni nzima.

Unapourudisha, anzia katikati uende pande zote mbili, ukitia Cleco, vile vibanio vya muda vya kushika mabati, kila tundu la tatu hivi. Matundu yakibaki yameachana kidogo sana, pini iliyochongoka itayavuta. Ikikataa kwa nguvu za mkono tu, acha. Bati lililolazimishwa hubaki na mkazo ndani, na nyufa hupenda mahali kama hapo.

Nimechelewa kukuuliza, fundi. Tundu la ribiti, kile kipini cha kuunga mabati, ya inchi 3/32 sasa lina umbo la namba nane.

Pole, hukuanza wewe. Kawaida tunapanda saizi moja: toboa kwa biti namba 30, karibu milimita 3.3, utumie ribiti ya 1/8. Tundu jipya limeze nane yote na kubaki duara safi. Lakini kabla ya kutoboa, pima toka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati. Inatakiwa angalau mara mbili ya kipenyo cha ribiti, yaani milimita 6.4 kwa hiyo ya 1/8.

Kama ni ribiti ya kichwa kinachozama, tafuta aina ya NAS1097: mwili ni wa 1/8, kichwa ni kidogo, kinakaa karibu kwenye bonde lilelile la mwanzo, yaani kile kishimo cha kuzamisha kichwa. Wajenzi wa Marekani wamezipa jina la utani la kujicheka, "oops", yaani "lo, nimekosea", maana kila mmoja anazo kwenye droo. Umbali hadi ukingo usipotosha, usijipe moyo: badilisha kipande. Na kama tundu lenyewe liko kwenye mhimili wa bawa, usibuni chochote, waandikie waliosanifu ndege.

Kati ya bati na ubavu kuna pengo la milimita moja. Si ribiti italivuta?

Haivuti. Ribiti ngumu ikigongwa hunenepa mlemle kwenye pengo, na mabati yanabaki yameachana. Kata kipande cha bati la aina ileile, chenye unene wa pengo, ukiingize hapo na kukitoboa pamoja nayo. Kumbuka kuchukua ribiti ndefu zaidi. Kabla ya kugongwa itokeze mara moja na nusu ya kipenyo chake.

Naweza kupasha bati moto kwa gesi ili lilegee?

Hapana. Nguvu ya 2024-T3, aluminiamu ya mabati haya, ilitengenezwa kwa joto la kupimwa. Moto wa gereji unaiondoa, na kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Ukingo ambapo mabati mawili yanapandana umefura, dada yako nimekata tamaa.

Dada, ungeukunja ule wa juu nyuzi chache kwa kifaa cha rola kabla ya kupiga ribiti. Sasa zimeshapigwa, ziache. Waamuzi wa maonyesho ya ndege ya Oshkosh, kule Marekani, wataliona hilo. Abiria wako, sidhani.