Mvumo Wangu Umeota Mkia

*Shikamoo bwana shamba. Nilipewa mbegu tatu za mvumo, nikazifukia kwenye viroba. Huu mwezi wa nne, hakuna jani. Nimefukua moja, nimekuta kitu cheupe kama mkia kimejikunja chini ya kiroba. Imeoza? – Kilosa*

Marahaba. Haijaoza, umeikatiza safari tu. Mvumo, ule mti mrefu wa jamii ya mnazi, hauanzi na jani. Mbegu hutoa mrija mnene unaozama ardhini, nusu mita na hata zaidi, na kiini cha mche kiko kwenye ncha yake. Kikishatua huko chini ndipo jani la kwanza, jembamba kama upanga, linaanza kupanda. Hivyo ndivyo unavyoponea kwenye nyika zinazoungua kila kiangazi: moto unapita juu, roho ya mche iko chini. Sasa wewe umeupa kiroba cha shubiri moja, mkia umefika sakafuni ukakosa pa kwenda.

Leo hii chimba shimo la mita moja palepale unapotaka mti usimame. Jaza udongo laini uliochanganywa na mchanga, shusha mkia taratibu ukielekea chini, mbegu ibaki karibu na juu. Ukikatika ncha, umekwisha. Zile mbili nazo zitoe kwenye viroba, na zikishakaa shimoni usizichokonoe tena. Mimi mitano nimeiua kwa kutaka kuona imefikia wapi. Panda mbali na nyumba pia. Kikonyo cha jani la mvumo kina meno meusi kama msumeno, na kuti likidondoka kutoka mita 20 halibishi hodi.

*Mkindu wangu unachanua kila mwaka lakini hauzai. Niweke mbolea gani? – Tanga*

Hakuna mbolea ya hilo, yaelekea huo ni dume. Mikindu ina mti dume na mti jike. Kama unataka ukindu wa mikeka, huohuo unatosha. Kama unataka matunda, omba chipukizi lenye mizizi kutoka kwenye shina la jike la jirani.

*Nimeuona mpapindi msitu wa Ngezi, nikaupenda. Naweza kung'oa mche mmoja tu nije nao Unguja?*

Hapana. Ngezi ya Pemba ni hifadhi, na mpapindi, mti wa jamii ya mnazi, kwa asili hauoti popote duniani isipokuwa kisiwa hicho. Jamaa zake karibu wote wako Madagaska. Kila mgeni akichukua "mmoja tu" tutabaki na picha. Tafuta Mpemba aliyeupanda uani kwake, muombe matunda yaliyoiva. Menya nyama, osha mbegu, zipande wiki hiyohiyo bila kuzianika juani. Mche ukae kwenye kivuli, chini ya mwembe panafaa sana, na matandazo yasikauke. Huu ni mnazi wa msituni, jua la saa saba litauunguza.

*Mpingo wangu una miaka mitatu, bado kichaka. Niukate? – Mbagala*

Usiukate, upunguze. Chagua shina moja lililonyooka, mengine yaondoe kidogo kidogo kwa misimu miwili, na vaa glavu maana ile miiba haina utani. Gogo la kuchongea kinyago usilihesabu wewe wala mwanao. Na majani yakipukutika kiangazi usikimbilie ndoo ya maji. Umelala tu, mvua ikianza utaamka.